Kidonge cha umakini visiwani Lamu: usalama wake uko wapi?

Vitu viwili vyenye nguvu ya kuamsha ubongo huingia visiwa vya Lamu, na kila kimoja hupokewa kwa namna yake. Cha kwanza ni miraa. Hukatwa Nyambene, ikafungwa kwa majani ya mgomba isinyauke, ikakimbizwa pwani na kuvushwa maji hadi Amu, mji wa Lamu wenyewe, na jioni inatafunwa barazani. Hakuna anayemuuliza mnunuzi presha yake ikoje. Cha pili ni dawa ya hospitali, methilifenidati, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Hii huandikiwa mtu mwenye ADHD, ile hali ya mtoto au mtu mzima kushindwa kutulia, kushika jambo moja hadi likaisha, au kujizuia kabla ya kutenda. Dawa hii haiji ila kwa karatasi yenye saini, na kwa mzazi anayeishi Pate au Kiwayu mara nyingi humaanisha safari ya Mombasa.

Watu wanaoiogopa dawa hii huogopa kemikali yake. Wana sababu, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na dawa za kulevya. Lakini ukifuatilia jinsi inavyodhuru pale inapodhuru, utakuta madhara mengi hutokana na kilichoachwa kupimwa, kuulizwa au kuhesabiwa. Presha, mapigo ya moyo, uzito, usingizi na idadi ya vidonge vilivyobaki: hayo matano ndiyo usalama wenyewe kwa sehemu kubwa, na yote yanaweza kuangaliwa katika zahanati ya Siyu au Kizingitini bila daktari bingwa kuwapo. Kinachotakiwa ni bahari na miraa viingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, maana ndivyo viwili vinavyosahaulika karatasi inapoandikwa Mombasa au Nairobi.

Tuanze na dawa yenyewe. Methilifenidati ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon katika kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi. Mkewe, Marguerite, aliyeitwa Rita, aliijaribu, na jina Ritalin likatokana naye. Ilianza kuuzwa mwaka 1954. Lakini wazo la kumpa mtoto asiyetulia dawa ya kuchangamsha ni la zamani zaidi. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine, aina ya amfetamini, akitumaini itawatuliza maumivu ya kichwa. Kichwa hakikupona sana, ila watoto 14 kati yao walibadilika darasani kwa namna iliyowashangaza walimu. Wakakaa na vitabu.

Jambo hilo huwatatiza wazazi hadi leo: vipi dawa ya kuchangamsha imtulize mtoto? Ubongo una sehemu ya mbele inayofanya kazi ya nahodha, inayoamua lipi lisikilizwe na lipi lipuuzwe. Sehemu hiyo hutegemea dopamini na noradrenalini, vitu ambavyo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Methilifenidati huzuia vitu hivyo visirudishwe haraka ndani ya seli zilizovitoa, vikabaki kazini muda mrefu zaidi. Nahodha akiamka, chombo kinashika njia. Kwa kipimo kidogo kinachopanda polepole ndivyo inavyokuwa. Kwa kipimo kikubwa kinachopanda ghafla, kwa mfano kidonge kikisagwa na kuvutwa puani, dopamini hufurika, raha hupanda, na hapo ndipo uraibu hutafuta mlango. Kwa sababu hiyo dawa hii imewekwa kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na duka la dawa halipaswi kuiuza bila agizo la daktari.

Sasa hali halisi ya visiwani. Uchambuzi wa tafiti za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa takriban asilimia 5 ya watoto wana ADHD. Darasa la watoto 40, basi, huenda lina wawili. Lakini darasa hilohilo lina mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu ya usaha wa sikio uliorudi mara kwa mara, mwingine mwenye upungufu wa damu, mwingine mwenye kifafa cha kupotewa na fahamu kwa sekunde chache ambacho mwalimu hukiona ni kuota mchana, na mwingine aliyelala kwa saa tano tu. Wote hao huonekana hawashiki masomo. Hakuna hata mmoja anayehitaji methilifenidati, na baadhi yao itawaumiza.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya usalama hutangulia kidonge. Dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi sita au zaidi, na zimeonekana mahali zaidi ya pamoja. Hapo Lamu ina utajiri ambao miji mingi haina, kwa kuwa mtoto wa hapa huangaliwa na watu wazima katika sehemu tatu tofauti: nyumbani, skuli, na chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mtoto akihangaika skuli peke yake na chuoni akatulia, tatizo huenda liko skuli. Akihangaika kotekote, na nyanya yake akathibitisha kuwa ndivyo alivyokuwa tangu alipoanza kutembea, sasa kuna la kupeleka hospitalini. Mwalimu wa chuo aulizwe maoni yake kama mwalimu wa skuli anavyoulizwa. Sijui kwa nini fomu za hospitali humwacha nje mtu anayekaa na mtoto saa mbili au tatu kwa siku.

Mzazi mwingine atakuwa ameshapita kwa mganga au kwa shehe, mtoto akasomewa, akanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani. Mhudumu wa afya asimdhihaki. Amuulize alipewa nini na kwa muda gani, kwa sababu mitishamba mingine hupandisha mapigo ya moyo, na kwa sababu mzazi aliyedhihakiwa hatasema kweli tena, si kuhusu kombe wala kuhusu vidonge.

Kuna maswali ya moyo ambayo hayagharimu chochote na ambayo hayapaswi kurukwa. Mtoto amewahi kuzirai akikimbia? Hulalamika kifua akicheza mpira? Moyo wake una tatizo lililojulikana tangu kuzaliwa? Je, kuna jamaa wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Hili la mwisho lina sura yake katika jamii ya watu wa bahari. Zipo kasoro za umeme wa moyo, za kurithi, ambazo huweza kumwangusha mtu akiwa anaogelea. Basi familia ikisema tu kwamba mjomba alizama, swali la pili lifuate: alikuwa anajua kuogelea? Bahari ilikuwa imechafuka? Kijana hodari wa maji aliyezama siku shwari ni habari ya kumpa daktari kabla ya dawa yoyote ya kuchangamsha. Mzazi aulizwe pia kuhusu ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kupanda na kushuka kwa hisia katika ukoo, kuhusu presha ya macho, tezi ya shingo iliyozidi kasi, na dawa nyingine ambazo mtoto anatumia. Halafu mtoto apimwe presha, mapigo, uzito na kimo, na tarakimu ziandikwe. Bila tarakimu za mwanzo hakutakuwa na cha kulinganisha baadaye.

Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, malezi ndiyo dawa: wazazi hufundishwa jinsi ya kutoa agizo moja kwa wakati, kusifu mara moja, kupanga siku isiyobadilika. Hata kwa mkubwa, kidonge bila hayo hakitoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu magonjwa ya akili na neva unasema methilifenidati inaweza kufikiriwa kwa mtoto wa miaka sita na zaidi, kwa masharti, baada ya uchunguzi makini na kwa ushauri wa mtaalamu. Dawa kwa kawaida huanza na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, ikapandishwa kwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki pale tu inapohitajika, na haizidi miligramu 60 kwa siku. Kipimo kinachofaa ni kile kidogo kuliko vyote kinachofanya kazi. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akageuka kimya kama aliyemwagiwa maji baridi hakupona, amezidishiwa, na mzazi arudi kwa daktari.

Hapa ningependa tuitazame siku ya mtoto wa Lamu kwa karibu, maana vitabu vya dawa viliandikwa kwa siku ya aina nyingine. Tuseme ni msichana wa miaka tisa, Faza. Anaamka alfajiri. Kabla ya saa mbili yuko skuli. Mchana anarudi kula, na alasiri anakwenda chuoni. Kidonge cha kawaida cha methilifenidati hufanya kazi takriban saa nne. Akikimeza saa moja asubuhi, kinaisha karibu na saa tano. Cha pili akimeza saa sita na nusu, kinafifia saa kumi na nusu hivi, yaani katikati ya chuo. Wakati wa kufifia, watoto wengi huwa na kipindi kifupi cha hasira au kilio, na mwalimu wa chuo, asiyejua lolote, ataona mtoto aliyekuwa sawa amebadilika mbele yake. Hutokea moja kati ya mawili: ama anapigwa, ama inasemwa amepagawa. Mama akishawishika kumpa kidonge cha tatu saa kumi ili chuo kipite salama, usiku atakuwa macho hadi saa sita, na kesho yake usingizi uliokosekana utaleta utukutu uleule aliotaka kuuondoa.

Hakuna jibu moja kwa hilo. Vipo vidonge vinavyotoa dawa polepole kwa saa nane hadi kumi na mbili, humezwa kimoja tu asubuhi, lakini ni ghali na havipatikani kila mahali, na havipaswi kutafunwa wala kusagwa, maana dawa ya siku nzima humiminika kwa mkupuo. Familia nyingine huona heri chuo kihamishwe kwa makubaliano: mtoto asome asubuhi ya Jumamosi na Jumapili, na siku za wiki ahudhurie kwa muda mfupi. Ninachoweza kusema kwa yakini ni kwamba mwalimu wa chuo akielezwa saa za dawa, matatizo mengi hupungua bila kuongeza miligramu hata moja. Na kidonge cha mchana kikibaki skuli, kikae kwenye droo yenye kufuli ya mwalimu mmoja anayejulikana, siyo kwenye mkoba wa mtoto.

Chakula nacho. Methilifenidati hupunguza hamu ya kula, hasa mchana. Mtoto ale vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi, mkate wa mofa au viazi na samaki, asiridhike na chai ya rangi tu. Usiku, dawa ikishatoka, apewe tena chakula kamili hata kama wengine wamemaliza kula. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani unaoitwa MTA, watoto waliotumia dawa mfululizo kwa miaka mitatu walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ilivyotarajiwa. Si msiba, lakini ni jambo la kujulikana. Kwa mtoto aliyekuwa tayari mwembamba ni sababu ya kumpima uzito kila mwezi mwanzoni. Mizani ya kliniki ya watoto ipo zahanati. Mashine ya presha ipo. Daftari la shilingi chache linatosha kuandika tarehe, uzito, presha, mapigo, saa anayolala, na idadi ya vidonge.

Idadi ya vidonge yahitaji maelezo yake, kwa kuwa bahari huingia hapa. Anayetoka Pate kwenda Amu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hausubiri mtu: maji yakipwa, boti hukaa. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka. Kutoka Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, kwa barabara ambayo kwa miaka kadhaa tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 imekuwa na vizuizi vya polisi na nyakati za kusimamishwa safari. Dawa yenye udhibiti mkali kwa kawaida hutolewa ya mwezi mmoja, na agizo jipya huhitajika kila mara. Familia ikingoja hadi kidonge cha mwisho ndipo ipange safari, lazima siku zikose dawa. Safari ianze kupangwa vikibaki vya siku kumi.

Na vikiisha? Hapa wazazi wa visiwani, ambao wengi wameona kifafa kwa jirani, huingiwa na hofu isiyo mahali pake. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege la hatari. Methilifenidati kwa kipimo cha kawaida si hivyo: hali ya zamani hurudi, mtoto huchoka au kununa siku moja mbili, basi. Hatari ni yale yanayofanywa kwa hofu hiyo. Mmoja hukata kidonge cha kutoa polepole vipande viwili ili kivute wiki. Mwingine huazima vya mtoto wa jirani vyenye miligramu tofauti. Mwingine hununua kwa mtu sokoni ambaye hakuulizwa amevitoa wapi. Na yule aliyesahau kidonge cha asubuhi hulipa viwili jioni. Kidonge kilichosahauliwa kimesahauliwa. Kinachofuata kimezwe kwa saa yake.

Joto na unyevu wa Lamu pia ni hasimu wa vidonge. Vibaki katika pakiti yake, mahali pakavu na pa kivuli, chini ya nyuzi zilizoandikwa kwenye boksi. Vidaka vya ukutani vya nyumba zetu ni mahali pazuri pa vyombo na vitabu, lakini mtoto yeyote huvifikia. Dawa hii ikae ndani ya kasha lenye kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mmoja. Sisemi hivyo kwa sababu ya watoto wadogo pekee. Lamu imeumizwa na unga, yaani heroini, kwa miongo kadhaa, na nyumba yenye kijana anayepambana na uraibu ni nyumba ambayo vidonge vyovyote vyenye nguvu vitahesabiwa na mtu mwingine kama hukuvihesabu wewe.

Nije kwenye miraa, ambayo naiona ndiyo kiini cha suala hili kwa upande wa watu wazima na vijana. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitenga kutoka kwenye miraa kemikali iitwayo kathinoni. Umbo lake linakaribia sana amfetamini. Jani likikaa, kathinoni hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi, na ndiyo sababu ya mbio zote zile za magari na ndege: siku mbili zikipita, nguvu imeondoka. Kathinoni iko kwenye Jedwali la Kwanza la mkataba uleule wa 1971, juu ya methilifenidati, ingawa jani lenyewe halikuorodheshwa. Kwa sheria ya Kenya miraa ni zao halali. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipojaribu kuzuia muguka, aina nyingine ya miraa, mahakama ya Embu ilisimamisha amri hizo na serikali kuu ikazipinga. Mjadala ule ulikuwa wa kodi, ajira na malezi. Jambo moja la kitabibu halikuguswa: nini hutokea mtu anapotafuna akiwa ameshameza dawa ya daktari.

Kinachotokea ni kwamba vitu viwili husukuma upande mmoja. Presha hupanda juu ya presha. Mapigo hupanda juu ya mapigo. Usingizi huondoka mara mbili. Kwa mwenye mwelekeo wa kusikia sauti au kushuku watu, mchanganyiko huo ni kichocheo. Mzigo wa moyo huongezeka na joto la pwani, maji machache mwilini, sigara, na soda yenye kafeini inayoandamana na miraa. Halafu saa nane za usiku, handas, ule mchangamko wa miraa, imepanda na haishuki, mtu anatafuta cha kumlaza: kidonge cha usingizi, tramadoli, pombe. Asubuhi ameamka mzito, anameza methilifenidati apate kwenda kazini. Duara limefunga.

Kuna sura nyingine ya jambo hili inayonisikitisha zaidi. Naamini miongoni mwa wanaume wanaotafuna kila siku wamo wenye ADHD ambayo haikutambuliwa utotoni. Waliitwa wakorofi, wakaacha skuli, na siku moja barazani wakagundua kuwa jani hili linawafanya washike mazungumzo, wamalize kazi ya kushona nyavu, wasiruke huku na huku. Mtu kama huyo akipata daktari wa kumtambua, dawa yenye kipimo kinachojulikana ingemfaa kuliko kifurushi ambacho nguvu yake hubadilika kila siku. Lakini hawezi kuvipata vyote viwili. Daktari atataka kwanza aache au apunguze kwa kweli, na huenda akaona heri kuanza na dawa isiyo ya kundi hili, kama atomoksetini, ambayo haina raha ya kutafutwa.

Haya yote husimama au kuanguka kwa swali moja na jinsi linavyoulizwa. Tabibu akisema, “Wewe unatumia madawa ya kulevya?” atajibiwa hapana, na mjibuji hatakuwa amesema uongo kwa mujibu wake, kwa sababu miraa kwake si madawa. Akisema, “Kaka, jioni mnakaa barazani? Mwatafuna kiasi gani, miraa au muguka, na walala saa ngapi?” atapata jibu la kweli. Mama mwenye kijana wa kidato cha tatu aulizwe vivyo hivyo, tena kijana apewe nafasi ya kujibu peke yake. Kahawa chungu na vinywaji vya kuongeza nguvu viulizwe, na dawa za mafua zenye sudoefedrini ambazo hununuliwa dukani bila kufikiriwa.

Ramadhani hubadilisha saa zote. Mtoto hajawajibika kufunga, na aliye kwenye dawa inayokata hamu ya kula asishindane na wenzake bila ushauri. Mtu mzima anayetumia kidonge cha kutoa polepole huweza kukimeza wakati wa daku pamoja na chakula na maji ya kutosha, ingawa kinywa kitakauka na mchana wa Lamu ni mkali. Anayetumia vidonge vifupi akivihamishia baada ya futari atalipa kwa usingizi, tarawehe ikiisha na macho yakikataa kufunga. Wapo ambao daktari wao huona mwezi huo wapunguze au wapumzike, kwa kuwa kazi na skuli hupungua kasi. Jambo hilo lizungumzwe Shaabani, mwezi mzima kabla, siyo usiku wa kuandama.

Kwa vijana wanaokwenda vyuo vikuu vya bara, kishawishi ni kingine: kidonge cha mwenzako usiku wa mtihani. Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika jarida la Science Advances jaribio la watu 40 wasio na ADHD waliopewa methilifenidati, dawa nyingine mbili za namna hiyo, au kidonge kisicho na dawa, kisha mafumbo magumu ya kukokotoa. Waliomeza dawa walijituma zaidi na wakatumia muda mrefu zaidi, lakini ubora wa hatua walizochukua ulishuka. Nguvu ilipanda, akili haikupanda nayo. Huyo anayegawa vidonge vyake pia anavunja sheria, na anampa moyo wa mtu mwingine mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Wenye ndugu Oman, Saudia na Imarati, na Lamu wao ni wengi, wana sababu ya ziada ya kuwa makini. Ghuba ina vita vya muda mrefu na vidonge vya Captagon, jina la dawa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1961 kwa matumizi ya hospitali na kuzuiwa kimataifa mwaka 1986, ambayo sasa hughushiwa na kuuzwa kwa magendo. Forodha za huko huitazama dawa yoyote ya kuchangamsha kwa jicho hilo. Msafiri wa umra au wa kazi aombe kibali cha mamlaka ya afya ya nchi anayokwenda kabla ya kukata tiketi, abebe barua ya daktari na agizo vyenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, na dawa iwe katika pakiti yake ya asili, kwa siku za safari tu. Miraa yenyewe huko ni jela.

Dalili za kukimbilia hospitali mara moja si nyingi: maumivu ya kifua, kuzirai, mapigo yanayokwenda mbio yasitulie, homa kali na kuchanganyikiwa, degedege, kusikia sauti, au maneno ya kutaka kujidhuru. Kwa mwanamume, uume kusimama kwa maumivu kwa muda wa saa nne na zaidi. Ni nadra, lakini wengi hunyamaza kwa aibu hadi madhara yakawa ya kudumu. Kisiwani, “mara moja” ina maana ya kujua usiku ule nani ana boti na mafuta.

Kinachobaki ni mamlaka. Maombi ya kuiingiza methilifenidati katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021, wataalamu wakisema ushahidi wa manufaa ya muda mrefu haujatosha. Naelewa tahadhari yao. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba nchi nyingi huiacha dawa hii mikononi mwa maduka binafsi ya mijini, na mtoto wa mvuvi wa Kizingitini huipata kwa bei ya mtoto wa Nyali, mtaa wa wenye nazo Mombasa, pamoja na nauli juu yake. Kaunti inaweza kufanya mengi bila kungoja Geneva: daktari wa akili apange siku maalumu Hospitali ya King Fahd, mjini Lamu, kila baada ya miezi michache, miezi ya kati wagonjwa wafuatiliwe kwa simu, tabibu wa zahanati afundishwe kupima na kuandika yale mambo matano, na duka la dawa la hospitali liweke akiba ya majina machache yanayojulikana. Safari ya Mombasa ingepungua kutoka kila mwezi hadi mara mbili kwa mwaka. Na kwenye daftari, chini ya presha na uzito, pachorwe safu ya miraa: kiasi gani, siku ngapi kwa wiki, mara ya mwisho lini.